Huduma Centre ya Posta Mombasa: paa moja, nauli moja

Nyota nne kati ya tano, na hiyo moja niliyoibakisha ntaieleza huko mbele. Naizungumzia Huduma Centre ya hapa mjini, kituo ambacho idara nyingi za serikali zakaa chini ya paa moja, ile ya jengo la Posta pale Digo Road, maanake watu wetu wa Likoni naona wengi bado wazunguka ofisi hii na ile kwa mambo ambayo yangeisha asubuhi moja.

Wiki iliyopita tulitoka nyumbani watatu, mimi, mamangu na mdogo wangu wa kiume ambaye anatafuta kazi Qatar. Kila mtu na lake. Mama alikuwa hajamaliza kuandikishwa SHA, bima ya afya ya serikali, alijaribu *147# kwa simu yake ya kabambe ikamkwamisha katikati akaiacha hapo. Mdogo wangu alitaka kupigwa alama za vidole za cheti cha tabia njema, ile wote twaiita good conduct. Mimi nilikuwa na mawili, imeili yangu ya zamani niliyoiandikisha KRA, watu wa kodi, nilishasahau pasiwadi kwa hivyo kila nikitaka kuingia iTax, mtandao wao, namba ya siri yatumwa kwa imeili nisiyoweza kuifungua, halafu NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, nilitaka kujua kama mwajiri wangu wa zamani zile pesa alizokuwa akinikata kila mwezi kweli alizipeleka.

Mambo manne, ofisi nne tofauti, mabosi wanne tofauti. Zamani hiyo ni siku nne. Na mtu wa Likoni akisema siku nne si siku nne tu, ni feri mara nane, na feri japo kwa miguu twavuka bure, ukishavuka kuna matatu ya kwenda na kurudi, kuna chai, kuna siku ya kibarua iliyokatwa. Marehemu babangu alipokuwa akifuatilia karatasi zake za kustaafu, ofisi moja ilimzungusha wiki mbili, leo aambiwa alete kopi, kesho aambiwa hii kopi iko na kivuli leta nyingine, kesho kutwa anayesaini hayupo. Mzee alikuwa akirudi jioni hasemi na mtu, avua viatu tu anakaa barazani. Hilo silisahau, ndiyo sababu naandika hivi kwa urefu.

Basi tulivuka mapema, saa kumi na mbili na nusu tushapanda feri, mama ameshika mfuko wake wa plastiki wenye kila karatasi aliyowahi kupewa na serikali tangu azaliwe. Kufika Posta tukakuta watu washaanza mtungo nje lakini haukuwa wa kutisha. Gadi alipomuona mama akamwamkia, shikamoo bi mkubwa, akamuuliza umekuja kwa shughuli gani, akamtoa kwenye laini akamkalisha mbele. Wazee, wajawazito na watu wenye ulemavu watangulizwa, na hakuna aliyenuna. Ndani wapewa namba, wakaa kwa kiti, wangoja namba yako iitwe uende kaunta uliyoambiwa. Hakuna kusukumana wala hakuna kijana wa pembeni wa kukunong'oneza eti nipe kitu kidogo nikuingize.

Mama alimaliza wa kwanza. Msichana wa kaunta alikuwa na subira, alimsomea mama kila swali polepole, mama ana hina kidoleni na mashine ikakataa kidole mara mbili, akamwambia shangazi tujaribu hiki kingine, kikakubali. Akamweleza na malipo yanavyokwenda, kwamba asiyeajiriwa yakadiriwa mapato ya nyumba yake halafu alipa asilimia 2.75, na kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, na yalipwa ya mwaka mzima kwa pamoja. Hapo mama akashtuka, maanake alizoea NHIF, bima ya zamani, ya kulipa mwezi kwa mwezi kabla haijabadilishwa Oktoba 2024. Shilingi 3,600 kwa mpigo kwa mama anayeuza mbaazi na mahamri si pesa ya kuokota, na hilo si kosa la kaunta, ni sheria, lakini nalisema hapa ili mtu asiende akidhani atalipa 300 arudi nyumbani.

Mimi nikaenda KRA, imeili ikabadilishwa papo hapo nikiwa nimesimama na kipande changu, yaani kitambulisho, mkononi. NSSF nikapewa taarifa yangu. Kuna miezi haionekani. Nilisikia moto kifuani lakini angalau sasa nina karatasi, najua ni miezi gani, na niliambiwa vizuri kabisa nifuate hatua gani.

Mdogo wangu ndiye aliyetuchelewesha, na si kosa la Huduma. Alikuwa ameomba kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, kwa saiba moja, duka la kompyuta na mtandao, huku kwetu mtaani, akalipa 1,050, elfu moja ya cheti na hamsini ya mtandao, halafu jamaa wa saiba akamprintia fomu ile ya vidole, C24, kwa karatasi mbili. Ile fomu yatakiwa karatasi MOJA, mbele na nyuma. Vidole upande mmoja, maelezo upande mwingine. Alipofika mbele karani akaitazama akamwambia kaka hii haitapita, nenda ukaprinti tena. Ikabidi atoke atafute saiba nyingine mjini, arudi, aanze namba upya. Kwa hivyo yeyote anayesoma hapa akiwa na kijana wa kwenda Ghuba tafadhali, ukurasa mmoja pande mbili, na kipande orijino, usiende na kopi.

Saa sita na robo tulikuwa nje, wote watatu, mambo manne yameguswa. Nauli ni ile ile moja.

Sasa niwaambie kwa nini jambo hili lanigusa zaidi ya kwamba nilihudumiwa vizuri. Mimi kazi yangu ni stoo, ni karani wa stoo kwa shule moja huku ng'ambo, na mtu wa stoo kila kitu akiona ahesabu. Nikiwa nimekaa pale nangoja namba nilikuwa nahesabu: jengo moja, na tena si jengo jipya, ni Posta, barua zimepungua na nafasi ipo, serikali haikumwaga hata zege. Gadi ni wale wale, bili ya umeme ni moja, mashine ya kutoa namba ni moja, viti ni hivyo hivyo, choo ni hicho hicho. Watu wa KRA, SHA, NSSF na wale wa vidole kila mmoja ana bosi wake, bajeti yake na sheria yake, hakuna aliyemezwa na mwenziwe, walichofanya ni kushirikiana mlango. Kila mmoja angekodi kwake angelipa vyote hivyo peke yake, na mwisho wa siku mlipaji ni mimi na wewe. Mpango huu ulianza Nairobi Novemba 2013, pale Posta yao vilevile, ukasambazwa mpaka kila kaunti katika zile 47 ikawa na kituo chake, na mwaka 2015 ukapata tuzo ya Umoja wa Mataifa ya utumishi wa umma. Tuzo hiyo ilistahili, mimi nasema.

Na hapa ndipo ninapotaka kaunti zetu za Pwani zisikie. Kama idara zenye mabosi tofauti zaweza kukaa chumba kimoja, kaunti sita jirani zashindwa nini kununua pamoja?

Najua kununua pamoja si rahisi kwa sababu nimefanya. Shule yetu na nyingine mbili za jirani tulikuwa kila mmoja ajinunulia maharagwe yake, gunia mbili leo, moja wiki ijayo, kwa mwenye duka wa karibu na kwa bei yake anayotaka. Siku moja tukakaa makarani watatu tukajumlisha mahitaji ya muhula mzima, tukaenda Kongowea na oda moja kubwa. Bei ikashuka pale pale, mfanyabiashara mwenyewe ndiye aliyeanza kuteremka kabla hata hatujabembeleza, na pikapu ikawa moja badala ya tatu. Lakini kabla ya kufika huko tulibishana wiki nzima. Mmoja ataka maharagwe aina ya nyayo, mwengine asema watoto wake hawali nyayo wataka rosecoco, wa tatu ataka ya njano. Ukienda na aina tatu oda kubwa imekufa, umerudi kuwa wanunuzi wadogo watatu waliopanda pikapu moja. Ilibidi tukubaliane nyayo, na tukubaliane nyayo ya namna gani, iliyopepetwa, isiyo na dumuzi, tupime kwa mizani yetu si yake. Kazi ya kununua pamoja ni hiyo hasa. Kuomba bei ni dakika tano, kukubaliana mwataka kitu gani ndiko kunakochukua siku.

Muhula wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili shule moja haikuleta pesa zake kwa wakati, karo zilikuwa hazijaingia, mfanyabiashara akangoja mwezi, miezi miwili, na tulipomrudia akasema nyinyi watu mkija njooni na taslimu. Sisi wawili tuliokuwa tumelipa tukabebeshwa deni la watatu. Bei nzuri ikaondoka siku hiyo. Tulikuja kuirudisha kwa kuweka sharti kwamba oda haitoki mpaka kila shule iwe imeweka fungu lake kwa akaunti moja, na asiyeweka hatuagizii, tutamsalimia tu.

Sasa tazama KEMSA. Ni fikra ile ile ya maharagwe yetu, badala ya kila kaunti kuhangaika na watu wa dawa peke yake kuna chombo kimoja cha taifa chenye sheria yake ya mwaka 2013, chanunua kwa wingi na kaunti zaagiza kwake. Yatakiwa dawa iwe rahisi na iwe ya uhakika. Na ugonjwa wake mkubwa ni ule ule wa shule ya tatu, kaunti zachukua na kuchelewa kulipa, madeni yamefika mabilioni na yatajwa kila mara. Kaunti zajitetea kwamba pesa kutoka Hazina Nairobi nazo zachelewa, na ni kweli zachelewa. Lakini mgonjwa aliyeandikiwa dawa akaambiwa kanunue nje hajali nani amemchelewesha nani. Mimi mamangu ameandikiwa dawa za presha kwa zahanati moja ya umma, si mara moja si mbili, akaambiwa leo hakuna, na za dukani ni pesa ya mahamri ya siku mbili.

Halafu kuna ile ya vifaa vya hospitali, mpango wa kukodi mashine wa mwaka 2015, ule wa miaka saba. Serikali kuu ilisaini na makampuni kwa niaba ya kaunti zote, mashine za eksirei, za kusafisha figo, za upasuaji, za wagonjwa mahututi, halafu pesa zikawa zakatwa kwenye fungu la kaunti. Kwa maneno ni kununua pamoja. Kwa vitendo kaunti hazikuulizwa wataka nini, na kuna hospitali zilipokea mashine hazina umeme wa kutosha au hazina mtu wa kuiendesha, mashine ikakaa imefunikwa shuka huku kodi yalipwa, mpaka Seneti ikaunda kamati ya kuchunguza. Hiyo ni sawa na mimi karani wa shule kubwa niamke asubuhi niagizie shule tatu rosecoco bila kuuliza mtu halafu niwapelekee bili. Mashine zenyewe nyingine zilisaidia watu, mgonjwa wa figo aliyekuwa asafiri mbali kwa ajili ya kusafishwa damu akapata karibu na kwao, hilo nalikubali kwa moyo wote. Lakini aliyepanga hakukaa kwanza na wanaokula.

Na watu wa Mombasa hasa sisi hatuna haki ya kusema kushirikiana na majirani ni jambo geni. Maji tunayokunywa ni ya jirani! Chemchemi ya Mzima iko Tsavo Magharibi, kaunti ya Taita Taveta, bomba lake lilimalizwa miaka ya hamsini na lasafiri zaidi ya kilomita mia mbili mpaka hapa. Baricho iko Kilifi kando ya mto Sabaki. Marere na Tiwi ziko Kwale. Hata lile bwawa la Mwache linalojengwa ili lije kutupunguzia kiu liko Kwale. Kisiwa hiki kikiambiwa leo kijitegemee kwa maji yake mwenyewe ni visima vya chumvi tu. Na upande wa pili, Makadara Hospitali Kuu ya Pwani yapokea wagonjwa wa kutoka Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta, akina mama wa Garsen na wazee wa Wundanyi wajaa pale, na Mombasa haiwezi kuwarudisha wala haipaswi kuwarudisha. Kwa hivyo tushachanganyika zamani, wao watupa maji sisi twawapa daktari, kilichobaki ni hesabu iandikwe vizuri ili kila mmoja alipe fungu lake bila manung'uniko.

Chombo chenyewe kipo, Jumuiya ya Kaunti za Pwani, kaunti zote sita zimo. Na katiba ya 2010 kifungu cha 189 chasema wazi kwamba serikali zishirikiane na zaweza kuunda kamati za pamoja na mamlaka za pamoja. Ruhusa haikosekani. Mimi ningetaka waanze na vitu vidogo vya kuhesabika, si makongamano ya hoteli za ufukweni. Glavu, bomba za sindano, karatasi za ofisi, dawa ya maji, matairi ya ambulansi. Vitu ambavyo glavu ya Hola kule Tana River na glavu ya Kisauni hapa Mombasa ni glavu moja, hakuna cha kubishania aina. Wakishaaminiana kwenye glavu ndio waende kwenye gari la zimamoto na fundi wa mashine za eksirei, fundi mmoja azunguke Pwani nzima badala ya kila hospitali kumngoja wa kutoka Nairobi. Na wafanye kama sisi makarani, pesa itangulie kwenye akaunti moja ndio oda itoke.

Kuna watu wataniambia ukinunua pamoja wale wauzaji wadogo wa Mwembe Tayari na Likoni watakufa, tenda zote zitakwenda kwa matajiri. Hili si neno la kupuuza. Yule mwenye duka wa karibu na shule yetu alikasirika na alikuwa na haki, alitukopesha miaka mingi tukiwa hatuna. Tulichofanya tulimbakishia mboga, nyanya na vitu vya kila siku, maharagwe na mchele ndio tukapeleka Kongowea. Kaunti nazo zaweza kupanga hivyo, si lazima kila kitu kiingie kapu moja.

Haya, ile nyota niliyoibakisha. Huduma Centre ni paa moja ukishafika, lakini kabla hujafika kuna paa jingine, nalo ni saiba. Maombi ni kwa mtandao, malipo ni kwa mtandao, fomu ni ya kuprinti, na asiye na smatifoni wala imeili alipa mtu wa kumfungulia, wa kumjazia, wa kumprintia, na huyo mtu hana bei maalumu wala hakuna anayemkagua. Mdogo wangu kwa jumla alilipa saiba mbili na nauli ya kuzunguka, kwa karatasi iliyotakiwa kuwa moja. Mbona kusiwe na meza mbili tatu pale pale ndani, kompyuta na printa, kijana wa kusaidia, bei imebandikwa ukutani? Mapato yake hata Posta wenyewe wangefaidi, jengo ni lao. Na wale wa Huduma Mashinani wanaokuja vijijini wangekuja ng'ambo yetu mara nyingi zaidi, Mtongwe, Shelly, Shika Adabu, mzee wa miaka themanini asiteremshwe ngazi za feri kwa ajili ya kidole kimoja.

Kwa anayekwenda wiki hii: nenda mapema, beba kipande orijino, andika namba zako za siri mahali, na mambo yako yote yapange siku moja usiende mara mbili. Mwisho wa mwezi nasikia hujaa, mimi nilienda katikati ya wiki.

Tukirudi mama alikuwa amekaa kwenye feri na ule mfuko wake mapajani, karatasi ya SHA ameiweka juu kabisa. Jumanne anampeleka bi jirani, ambaye hajui kusoma na mwanawe yuko Dammam. Ashaniagiza nikitoka kazini nipitie kwao nimchukulie namba ya kipande, na akaniuliza mara mbili, ile fomu ya kijana mwengine wa bi jirani nikiiprinti si ni ukurasa mmoja pande mbili?